Mafuta Kwenye Geti la Mnara

Sikuwahi kuipenda minara ya taa. Nasema hivyo mapema kwa sababu mtu akisikia kwamba niliwahi kuomba kazi ya kutembeza wageni kwenye minara ya pwani ya Durban, hunitazama kama mtu mwenye mapenzi ya siri na bahari. Sina. Nilikuwa na shahada ya historia na nilikuwa nauza makava ya simu kwenye kona ya saluni ya mama yangu, katikati ya jiji, mahali ambapo mwanamke anayesukwa ana nusu ya siku ya kukutazama na kukuuliza shahada hiyo inaliwa na mboga gani. Niliomba kazi kila mahali. Aliyejibu alikuwa mtu wa minara.

Alikuwa Mzungu wa makamo anayeishi Morningside, mwenye gari moja la kubeba watalii na kicheko kinachotangulia kila sentensi yake. Tulikutana kwenye mgahawa karibu na kwake, na mimi nilitumia sehemu kubwa ya mazungumzo nikijiuliza kama kuagiza maji peke yake kunaonekana ni adabu au ni ukata. Alisema watu wa kuwatembeza Wazungu anao. Anayemkosa ni mtu wa kuwapokea Wakongomani, Warundi na Watanzania wanaokuja Durban kununua mzigo na kusalimia ndugu.

"Watu wenu hawaendi popote," alisema. "Dukani, kanisani, dukani. Mimi nataka niwauzie bahari."

Nilicheka. Bado nakichukia kicheko kile.

Jaribio lingekuwa Jumamosi asubuhi. Nije na watu wawili wa kwetu, niwaonyeshe minara mitatu kwa Kiswahili, na yeye nimtafsirie wanayosema. Ataendesha gari, atakaa kimya, atasikiliza. Ikienda vizuri, Jumatatu nasaini mkataba.

Watu wawili. Niliwafikiria hao watu wawili mpaka kichwa kikauma. Wenzangu niliosoma nao wangenicheka, tena mbele ya bosi. Wasusi wa saluni wasingeacha kazi Jumamosi. Mtu mzima sana angechoka, kijana sana angechezea simu, na bosi angesema sijui kushika watu. Mwishowe mama alikata shauri huku meno yakiwa yamebana kitana.

"Ni miye na mama mchungaji. Unahangaika nini, papa?"

Ananiita papa kwa sababu nimerithi jina la baba yake, na hunikumbusha hivyo kila anapotaka kunishinda.

Nilikuwa na sababu ya kuhangaika. Mkobani mwake mama hubeba chupa ndogo ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa na pakiti ya chumvi. Akina mama wa kanisa letu, waliotoka Bukavu, Uvira na Bujumbura, wana desturi hii: mtoto akitafuta kazi, mama hutangulia kwenye lango la mahali pale, akalipaka mafuta kidogo, akanyunyiza chumvi na kuliombea kabla mtoto hajapita. Kwao ni jambo la kawaida kama kupiga pasi shati la usaili. Nina hakika nusu ya milango ya ofisi za Durban imeguswa na kidole cha mama yangu. Haikufunguka hata mmoja, na yeye aliwahi kunieleza kwamba milango ya nchi hii ni migumu kuliko ya kwetu.

"Mama, kesho hakuna mafuta," nilimwambia Ijumaa.

"Nani amesema mafuta?"

"Nasema tu."

"Bon, sawa. Kama unasema tu, na miye nimesikia tu."

Bosi alitukuta mbele ya saluni. Mama alivaa kitenge kizima, juu mpaka chini, na viatu vya kisigino. Mama mchungaji, Mrundi mrefu ambaye mume wake anahubiri katika ghala la zamani kule Jacobs, alikuja na kofia ya harusi na sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti kibovu. Bosi alifungua mlango wa gari akainama.

"Jambo, jambo! Hakuna matata!"

Mama mchungaji alimtazama kutoka viatuni hadi kichwani. "Huyu anatuona watoto?"

"Anasema nini?" bosi aliniuliza kwa Kiingereza.

"Anakushukuru," nikasema.

Tulianzia kwenye gati refu la mawe mdomoni mwa bandari, mahali ambapo meli zinapita karibu kiasi cha kusoma kutu yake. Ng'ambo ya maji kuna kile kilima kirefu kinachoitwa Bluff. Nilikuwa nimeyasoma maneno yangu mbele ya kioo cha saluni mpaka wasusi wakayajua kwa moyo. Nilinyoosha mkono. Nikasema kwamba pale, kwenye ncha ya kilima, ndipo uliposimama mnara mkongwe wa taa wa Durban, na kwamba ulibomolewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Walitazama. Upepo ulijaribu kuondoka na kofia ya harusi.

"Ulibomolewa," mama mchungaji alisema polepole. "Kwa hiyo haupo."

"Haupo, mama."

"Umetuamsha asubuhi, tumevuka jiji lote, kuja kutazama mnara ambao haupo."

"Tunatazama mahali ulipokuwa."

"Mahali ulipokuwa! Mwanangu, mimi nimekimbia vita. Kama ni mahali ambapo kitu kilikuwa, naweza kukutembeza mwezi mzima, tena bila gari."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Watu waliokuwa wakikimbia mazoezi waligeuka kututazama, na mmoja wao alisema kwa rafiki yake jambo ambalo sikulisikia, ila nililibeba moyoni mpaka mnara wa pili, nikilibadilisha maneno kila baada ya robo kilometa.

"Wanasemaje?" bosi aliuliza.

"Wanasema inasikitisha."

"Safi. Hisia. Wageni wanataka hisia."

Mnara wa pili uko juu ya Bluff kwenyewe, katikati ya nyumba za watu, mrefu na mweupe nyuma ya uzio, kama umesahauliwa pale na wajenzi wengine. Mtaa ni wa kuta ndefu na mbwa. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na bosi alikuwa ameshaniambia kwamba tutasimama nje tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa na sentensi nzuri kabisa juu ya uzuri wa kutazama kitu kutoka nje. Mgongo ukiwa kwa geti, nilianza kumweleza bosi jinsi mabaharia wanavyoutambua mnara mmoja na mwingine kwa namna taa zake zinavyowaka na kuzima. Niligundua kwamba hanisikilizi. Anatazama nyuma yangu.

Mama alikuwa amevua viatu. Alikuwa ameshapaka mafuta kwenye kufuli na kwenye bawaba, na sasa alikuwa anapita na chumvi chini ya geti, mkono mmoja juu, akiomba kwa sauti inayopanda. "Lango, ninakuambia, fungukia mtoto wangu! Ile kazi, itoke mukono ya mwenyewe!" Mama mchungaji alikuwa anaitikia amina kwa nguvu za ghala zima.

"Hawu, mama! Wenzani?" sauti iliuliza kwa Kizulu: unafanya nini?

Mlinzi wa mtaa alikuwa ameshuka kwenye gari la ulinzi, mkono ukiwa karibu na mkanda. Wakati huohuo mlango wa nyumba ya ng'ambo ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye taulo kichwani na simu mbele ya uso, na nyuma yake mwanamume aliyeshika mbwa kwa ukosi.

"Wanaweka muti!" mwanamke alipiga kelele. "Wanatuwekea uchawi mtaani kwetu, asubuhi kweupe!"

Mlinzi aliitazama chumvi, akarudi hatua moja. Kisha akatusogelea kwa hasira ya mtu aliyeonwa akirudi nyuma. "Kwerekwere," alisema, tusi lao kwa Waafrika wageni, siyo kwa sauti kubwa, kama mtu anayesoma kibandiko. "Mmetoka huko kwenu kuja kufanya haya hapa? Karatasi zenu ziko wapi?"

Mkono wangu ulishafika mfukoni kabla hajamaliza. Najichukia kwa kasi ya mkono ule. Nilianza kueleza kwa Kizulu changu cha dukani, nikahamia Kiingereza, nikasema ni mafuta ya kupikia, kisha nikaona kwamba hilo linasikika vibaya zaidi, nikasema ni maombi, sisi ni Wakristo, kama ninyi. Mwenye mbwa aliuliza kama Wakristo wa kwetu wanaabudu mageti. Mama aliendelea kuomba. Yeye akianza sala haikatizwi hata na moto.

Ndipo bosi alipopita mbele yangu, kicheko kikitangulia.

"Tulieni, jamani, tulieni! Ni sehemu ya ziara. Baraka za asili za Kiafrika. Wako na mimi."

Sijui kama ni ngozi yake, kaptula yake au kicheko chake, lakini hewa iliwatoka wote watatu. Mwenye mbwa alicheka. Mwanamke wa taulo aliuliza kama ziara hiyo iko kila wiki, maana ana shemeji atakayekuja kutoka Johannesburg. Mlinzi peke yake hakucheka. Alinionyesha chumvi kwa kidole.

"Safisha."

Nilipiga magoti nikaanza kuikusanya kwa viganja.

"Usiguse!" mama alisema juu ya kichwa changu. Alikuwa amefika amina. "Chumvi ya maombi haifagiliwe, papa. Unafagia kazi yako."

"Mama, inua miguu."

"Unafagia kazi yako na mikono yako mwenyewe!"

Nilipoinua uso nilimwona bosi ameelekeza simu kwetu, anapiga video, amebana midomo asicheke.

Alianza kuongea kabla gari halijatoka mtaani. Wale waliokuwa wamekaa nyuma aliwasahau kabisa. Alisema anao vijana watano wanaojua mwaka ambao kila tofali liliwekwa, na wageni wanalala usingizi. Lakini hii! Mwanamke, mguu peku, mafuta, sauti ile! Kazi ni yangu, alisema. Tusingoje Jumatatu. Sharti ni moja: kila Jumamosi nije na mama yangu, afanye vilevile, kwenye kila mnara. Ikiwezekana avae kitu chenye rangi zaidi.

"Na maelezo yangu?" niliuliza.

"Maelezo yako ni mazuri. Ila bidhaa ni mama."

"Anasema nini?" mama aliuliza kutoka nyuma.

"Anasema juu ya barabara."

"Barabara ndiyo inamufurahisha hivi?"

Kutoka Bluff hadi Umhlanga, kwenye mnara wa tatu, ni safari ya kuvuka jiji zima na kutokea upande wa pili, na niliitumia yote kujikata vipande. Kazi ni kazi. Mtu wa saluni anakenua meno siku nzima kwa wateja anaowachukia, kwa nini mimi nisikenue Jumamosi moja moja? Halafu nikafikiri kwamba nikikubali, mama atasema ni mafuta. Aliomba getini, na kazi ikaja kabla injini haijapoa. Nitalisikia hilo kanisani, saluni, kwenye harusi yangu, kwenye mazishi yangu. Halafu nikafikiri kwamba nikikataa, nitakuwa nimekataa jibu la sala yake, na hilo nitalisikia mara mbili zaidi. Nilimtazama bosi kwa pembeni. Alikuwa anapiga mluzi. Niliitaka kazi ile, na nilitaka gari lipate pancha.

Mnara wa Umhlanga ndio ambao kila mtu amepiga nao picha: mweupe, kichwa chekundu, umesimama juu ya miamba kando ya njia ya watembea kwa miguu. Jumamosi ile njia ilijaa watu wenye aiskrimu, vigari vya watoto na mbwa waliovalishwa nguo. Hapakuwa na geti wala mlinzi wa kutufukuza. Bosi alichagua mahali penye mwanga, akanisogeza pembeni kwa bega kama mtu anayesogeza kiti.

"Mwambie arudie. Hapa, mnara uwe nyuma yake. Viatu avue. Aanze polepole."

Safari hii nilitafsiri kila kitu. Nilimwambia mama kwamba kazi ipo na ni yangu, kwamba bosi anataka arudie maombi yale hapa ili apige video, na kwamba itakuwa hivyo kila Jumamosi, mbele ya wageni watakaokuwa wamelipa.

"Kazi imepatikana!" mama mchungaji alirusha mikono. "Bwana asifiwe!" Kisha mikono ikashuka. "Kila Jumamosi?"

Mama alimtazama bosi namna anavyomtazama mteja anayesema hajawahi kutiwa dawa nywele zake.

"Muulize, yeye anaamini?"

"Anaamini nini?"

"Anaamini kama ile mafuta iko na nguvu?"

Nilimuuliza. Bosi alicheka, halafu akasema, "Mwambie naamini chochote kinachouzika."

Nikamwambia mama vilevile, neno kwa neno.

Mama alimpa mama mchungaji mkoba wake, akapandisha mikono ya blauzi. "Mutu mwenye anacheza na kitu ya Mungu, huyo iko mugonjwa. Mwambie akuje karibu."

Nilijua kitakachofuata. Nimekulia kwenye ghala la Jacobs, nimeona wanaume wenye misuli wakiingia kwenye mikono ile wakiwa wamesimama na kutoka wamelala. Nilikuwa na nafasi ya kumwonya bosi. Mimi, ambaye siwezi kuchagua soda bila kuipima pande zote, sikuwa na wazo la pili kichwani. Palikuwa peupe na pametulia.

"Anasema usogee," nilimwambia. "Anataka akufanyie wewe mwenyewe."

Macho yake yaling'aa. Alinipa simu yake. "Piga yote. Usikate."

Mama alimimina mafuta kiganjani, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Mikono hiyo imesuka nywele tangu kabla sijazaliwa. Kichwa kikishaingia humo, hakitoki mpaka amalize. "Toka!" alisema. Mwanzoni bosi alitabasamu kwa ajili ya kamera. "Toka, roho ya kuuza vitu ya Mungu! Toka, roho ya dharau! Toka!" Kila toka ilikuja na mtikiso. Kofia yake ilidondoka. Mafuta yalimshuka kwenye nyusi, yakaingia machoni, akaanza kusema basi, basi inatosha, kwa Kiingereza, na mama mchungaji, aliyeona mgonjwa anapinga, akafanya kama anavyofanya kila Jumapili: akampiga mgongoni kwa kiganja, akamshika bega asianguke, akaanza kuomba kwa Kirundi kwa sauti iliyofika baharini.

Watu walizunguka. Aiskrimu ziliyeyuka. Simu zilipanda juu moja baada ya nyingine. Mtoto alimuuliza baba yake kama yule mjomba anaumwa. Mimi nilipiga video, sikukata.

Alipochomoka alikuwa mwekundu mpaka masikioni, macho yamefumba, shati limelowa. Aliipapasa simu mkononi mwangu akainyakua.

"Ulijua," alisema. "Ulifanya makusudi, kijana mpumbavu wewe."

"Ndiyo," nilisema. Ndilo jibu fupi kuliko yote niliyowahi kutoa kwenye usaili.

Alisema maneno mengine ambayo sitayaandika, juu yetu na juu ya tulikotoka, mengi yakifanana na ya mlinzi wa Bluff, ila yeye alikuwa na sarufi nzuri zaidi. Akaokota kofia, akaondoka akijifuta nayo. Tuliliona gari likitoka kwenye maegesho bila kungoja mtu.

Watu walitawanyika. Tulibaki watatu chini ya mnara.

"Umemharibia mtoto kazi," mama mchungaji alimwambia mama.

"Miye? Na nani alimushika bega?"

"Nilimshika kwa sababu ulikuwa umeshaanza! Ningekuacha uombe peke yako kama mwendawazimu?"

"Ungeniacha."

"Haya, mara nyingine nitakuacha."

Mama alinigeukia. Alikuwa anafuta vidole kimoja kimoja kwa pindo la kitenge. "Na wewe, ulijua."

"Nilijua."

"Ukamuleta mwenyewe kwa mukono."

"Nilimleta."

"Bon. Basi usininunie."

Lakini nilinuna. Nilikuwa na hasira naye, na mama mchungaji, na bosi, na yule mtu wa kukimbia gatini, na mnara wenyewe uliosimama pale msafi kama haujaona kitu. Jumatatu nitarudi kwenye makava ya simu. Mwanamke fulani atakuwa anasukwa, atageuza kichwa kidogo tu kadiri nywele zinavyoruhusu, ataniuliza ile kazi ya minara imefikia wapi. Mama atajibu kabla yangu. Nilishalijua jibu lake, lile la milango migumu, na nilishalichukia.

"Twende tutafute taxi," mama mchungaji alisema. "Miguu inaniuma."

"Kaeni," nilisema.

"Nini?"

"Bado mnara wa tatu. Sijausema."

Walitazamana. Mama mchungaji aliketi kwenye ukuta mfupi, akavua kiatu kimoja. Mama aliketi karibu yake, mbali kidogo, kwa sababu walikuwa bado wamegombana. Nilisimama mbele yao, mgongo kwa bahari, nikaanza kwa ukali, kama mtu anayesoma mashtaka. Nikasema mnara huu ndio uliochukua kazi ya ule mnara wa Bluff uliobomolewa. Nikasema haujawahi kuwa na mtu wa kukaa ndani na kuwasha taa. Taa inajiwasha yenyewe, na kwa miaka mingi waliokuwa wakiuangalia ni watu wa hoteli ya jirani. Nikasema zile meli zilizotia nanga pale nje, mnaziona, zinangoja zamu ya kuingia bandarini, na nahodha akitaka kujua kama amesogea usiku anautazama mnara huu.

"Zinangoja muda gani?" mama aliuliza.

"Inategemea. Nyingine siku nyingi."

"Sauti, mwanangu," mama mchungaji alisema, akiukanda mguu. "Bahari inakumeza."

"Na ufupishe," mama akasema. "Hatuna gari."

Nilipandisha sauti. Sikufupisha.